Waifai Haishiki: Namna ya Kuomba Msaada wa Linux Hadi Ukasaidiwa

Kompyuta mpakato niliyonunua Kariakoo ilikuwa mtumba wa mwaka 2014: RAM GB 4, diski ya GB 500, betri inayomaliza saa moja na nusu ukibahatika. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, waifai ikashika, nikalipa. Windows 10 iliyokuwemo sikuwa na mpango wa kukaa nayo. Masasisho yake ya kawaida yalifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine nyingi za umri huo hazina. Kompyuta za aina hii zimejaa madukani na majumbani kwetu, nzima kabisa, na inaniuma kuona mtu anaambiwa atupe kitu kinachowaka. Ndiyo maana nikachagua Linux Mint 21, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, na ndiyo maana nakuandikia wewe unayetaka kupita njia hiyo hiyo.

Kupakua faili la kusakinishia Mint nitakupitisha haraka. Lina karibu GB 3, nililishusha kwa bando la usiku, mtandao ukakatika mara mbili. Asubuhi lilionekana zima. Nilipolipima kwa amri ya sha256sum, inayokokotoa namba ya utambulisho ya faili, na kulinganisha na namba iliyoandikwa kwenye ukurasa wa Mint, hazikufanana hata herufi za mwanzo. Nikarudia kulishusha. Kipimo hicho huchukua chini ya dakika moja, usikiruke, kwa sababu faili bovu linaweza kukuletea makosa ya ajabu katikati ya usakinishaji ukadhani diski yako imekufa.

Kosa langu la kweli lilifuata. Flashi ya Mint, yaani ile uliyoandikia faili hilo, inakuruhusu kuutumia mfumo mzima kabla hujagusa diski: unawasha, unacheza muziki, unajaribu kamera, unaangalia kama mitandao ya waifai inaonekana. Mimi nilikuwa na haraka, nikabonyeza kusakinisha moja kwa moja. Mashine ilipowaka upya, kila kitu kilikuwa kizuri isipokuwa pale pembeni chini ambapo alama ya waifai ilitakiwa iwepo. Hapakuwa na kitu. Hata orodha ya mitandao ya majirani haikuwepo.

Nikaenda kwenye kundi la Telegram la watumiaji wa Linux nikaandika: “Wakuu salaam. Nimeweka Linux ila waifai haishiki. Msaada tafadhali.”

Siku mbili. Mmoja alinishauri nibadilishe toleo la Linux. Mwingine akasema ninunue kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB. Wengine walipita kimya, na sasa naelewa kwa nini. “Waifai haishiki” inaweza kuwa nywila imekosewa. Inaweza kuwa swichi ya waifai imezimwa, jambo ambalo amri ya rfkill list ingelionyesha mara moja. Inaweza kuwa ruta inatumia masafa ambayo kadi yako haiyasomi, au kadi haina draiva (programu inayoiwezesha kuzungumza na mfumo), au imelegea kwenye nafasi yake. Mtu aliye mbali, mwenye kazi zake na watoto wake, ataanzia wapi? Ni sawa na kumpigia daktari simu ukamwambia “naumwa” kisha ukasubiri dawa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwenye kompyuta uchi wenyewe ni majibu ya amri unayoona uvivu kuyanakili.

Siku ya tatu kaka mmoja aliandika mstari mmoja tu: “Mkuu, tupia hapa majibu ya lspci -nnk.”

Niliiandika amri hiyo kwenye terminal, dirisha la kuandikia amri. Ikashuka orodha ndefu ya vifaa vyote vilivyomo ndani ya mashine, na kwenye kadi ya waifai mwishoni mwa mstari kulikuwa na mabano yenye hii: [14e4:4365]. Chini ya kadi ya sauti kulikuwa na mstari wa “Kernel driver in use”. Chini ya kadi ya waifai mstari huo haukuwepo.

Hapo ndipo nilipofunguka macho. Tarakimu nne za mwanzo ni namba ya mtengenezaji wa chipu, nne za mwisho ni namba ya chipu yenyewe. Kibandiko kilicho nje ya kompyuta hakikusaidii sana, kwani mashine mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani. Namba hii haikosei. Yule kaka alipoiona hakuuliza swali lingine. Alijua kadi hiyo inataka draiva iitwayo wl, ambayo haimo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, kwa sababu chanzo chake si huria kikamilifu, na kwamba kwenye Mint 21 inapatikana kwa kifurushi cha bcmwl-kernel-source. Siku mbili za kukwama ziliisha kwa tarakimu nane.

Kizuizi cha pili ni kile kinachowakwamisha wengi: ili upate draiva ya intaneti unahitaji intaneti. Dawa yake iko mfukoni mwako. Chomeka simu kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya simu, washa sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao ya waya bila kusakinisha chochote. Na kama simu yenyewe imeunganishwa na waifai ya nyumbani, simu nyingi zitapitisha hiyo hiyo, huli bando. Waya wangu wa kwanza ulikuwa wa kuchajia tu, hauna nyuzi za data, nikahangaika nusu saa nikidhani tatizo ni mipangilio. Nilipoazima waya wa jirani, alama ya mtandao ilitokea kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

Nikasakinisha draiva, nikaandika sudo modprobe wl ili kuiwasha, nikajibiwa hivi:

modprobe: ERROR: could not insert 'wl': Key was rejected by service

Safari hii sikuandika “imegoma tena”. Nilinakili mstari wote ulivyo, nikaongeza majibu ya mokutil --sb-state, amri inayoonyesha kama ulinzi wa Secure Boot umewashwa, ambayo yalisema “SecureBoot enabled”. Hapa nakuomba kitu kimoja: eleza shida yako kwa Kiswahili, kwa kirefu, ulivyoizoea, lakini ujumbe wa kosa usiutafsiri. Ukiandika “ufunguo umekataliwa” hakuna atakayeupata akiutafuta. Usiupige picha kwa simu pia, yenye mng’ao wa taa na kona iliyokatika. Nakili maandishi, au yapeleke kwenye faili: lspci -nnk > ripoti.txt.

Jibu lilikuja jioni ile ile, kutoka kwa ndugu aliyesema yuko Bujumbura. Secure Boot, alieleza, inakataa moduli yoyote ya keneli (kipande kama draiva) isiyo na sahihi inayotambulika. Wakati wa kusakinisha draiva, mfumo ulinitengenezea ufunguo, ukanitaka niweke nywila ya muda. Nilipowasha upya, kulitokea skrini ya bluu inayosubiri nibonyeze kitufe ili niuandikishe ule ufunguo. Nilikumbuka skrini hiyo! Nilikuwa jikoni nikigeuza chapati. Inasubiri sekunde 10 hivi, usipobonyeza inaendelea kuwasha kana kwamba hakuna kilichotokea, na ufunguo wako haujaandikishwa.

Alinipa amri ya kuanza upya: sudo update-secureboot-policy --enroll-key. Nikaweka nywila, nikawasha mashine na kukaa mbele yake. Skrini ya bluu ilipotokea nikabonyeza, nikachagua Enroll MOK, nikathibitisha, nikaandika nywila ile. Usishtuke herufi zisipoonekana unapoandika, na tumia nywila ya herufi za kawaida kwa kuwa kibodi pale hufuata mpangilio wa Kimarekani. Ilipowaka, majirani zangu wote walikuwa kwenye orodha ya waifai.

Wapo watakaokwambia uzime tu Secure Boot kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka. Inafanya kazi, sibishi. Mimi naona kuandikisha ufunguo ni dakika mbili na ulinzi unabaki palepale, kwa hiyo sijaona sababu ya kuuzima.

Kuhusu amri za watu usiowajua nina msimamo mkali. Amri inayoanza na sudo inafanya lolote kwenye mashine yako, na anayekupa anaweza kukosea hata kama ana nia njema. Isome kwanza. Andika man kisha jina la amri uone inafanya nini, au mwulize aliyekupa akueleze kila kipande. Anayejua ataeleza kwa furaha. Ukiona rm -rf, amri ya kufuta bila kuuliza, kwenye jibu la swali la waifai, usiiguse. Na unapotuma taarifa zako tumia inxi -Fxz, kwani hiyo z ya mwisho inaficha namba za kipekee zinazotambulisha vifaa vyako.

Ukishatatua, rudi pale ulipouliza uandike ulichofanya, na namba ya kifaa uitaje. Nimekuta maswali mengi yanayoishia na “tayari wakuu, imekubali, asanteni”, bila neno lingine, na anayekuja baada ya miaka mitatu na shida ile ile anaondoka mikono mitupu.

Kwangu bado kuna jambo moja. Vitufe vya kupunguza mwanga wa skrini havifanyi kazi. Swali nimeshaliandaa, nalituma leo usiku watu wakiwa wametulia:

“Wakuu salaam. Linux Mint 21, kompyuta ya mwaka 2014. Vitufe vya mwanga wa skrini havibadilishi kitu, ingawa mchoro wa mwanga unatokea na kupanda na kushuka. Kwenye Windows vilifanya kazi. Nimejaribu kuongeza acpi_backlight=vendor kwenye GRUB, nikaendesha update-grub, nikawasha upya, hakuna tofauti. Ndani ya /sys/class/backlight kuna mafolda mawili. Nimeambatisha majibu ya inxi -Fxz na lspci -nnk kama maandishi. Nipo hadi saa tano, nitajaribu chochote mtakachonielekeza na kuleta majibu.”