Vitabu nilivyoagiza, mwanangu, si anasa

Mwanangu, ile sauti uliyonirekodia nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa kwenye treni alfajiri, natoka zamu. Mara ya pili nikipika. Ya tatu nilikaa kitandani, hasira zimenipanda. Unasema hapo barazani wanasema shangazi yako wa Hamburg, huku Ujerumani, kashiba, serikali inamlipia kila kitu, na ushahidi wao ni kwamba nimeagiza vitabu vya mashairi kutoka nyumbani. "Mwenye njaa haagizi mashairi," kasema mamako, nawe ukacheka. Halafu mwisho wa maneno ukaniomba nikufanyie mipango uje.

Basi nakujibu, na ukishasoma msomee na mamako. Wifi yangu nampenda, lakini kwa hili kanikosea.

Habari za baridi, kodi ya nyumba na vibali umezisikia kwa kila aliyewahi kupanda ndege, sizirudii. Ninayotaka uijue ni kazi, maana hiyo ndiyo niliyowaficha miaka sita. Niliwaambia nafanya kazi ofisini. Ni kweli niko ofisini, lakini naingia usiku, wenyewe wakishakwenda zao. Nasafisha vyoo. Jengo lina ghorofa saba na vyoo 56, na kila kimoja nakijua kwa mlango wake na bomba lake linalovuja. Mimi, niliyefundisha Kiswahili darasa la saba na la nane kwa miaka kumi na moja! Cheti changu cha ualimu kiko chini ya godoro ndani ya bahasha, na huku hakijawahi kunifungulia mlango hata mmoja.

Mwaka wa kwanza zamu yangu ilikuwa ikiisha saa sita na nusu usiku. Siku moja nimeshavaa koti, msimamizi akanirudisha kutoka mlangoni. Akanipandisha ghorofa ya tano, akapitisha kitambaa cheupe nyuma ya bakuli la choo, akaniinulia mbele ya wenzangu watatu. Hakupiga kelele. Alikinyanyua tu kile kitambaa, vile nilivyokuwa mimi nikimnyanyulia mtoto daftari lenye makosa. Nikapiga magoti nikasugua upya. Nilipofika kituoni treni ya mwisho ilikuwa imeshaondoka, nikakaa pale kwenye benchi hadi kulipokucha. Usiku ule nilitaka kurudi nyumbani. Nauli sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, nisingejua niwaambie nini.

Kilichonishika usiku ule ndicho hicho mamako anachokicheka. Mkobani mlikuwa na diwani ya mashairi, Sauti ya Dhiki, nakala ya babu yako, jalada limeshatoka. Mwandishi wake, Abdilatif Abdalla, ni mtoto wa Mombasa kama wewe. Mwaka 1968 aliandika waraka wa "Kenya: Twendapi?" akiikosoa serikali, na kwa ajili ya huo akafungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, akawekwa peke yake. Karatasi alinyimwa. Mashairi yale aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakaja kuchapishwa kitabu mwaka 1973.

Habari hizo nilikuwa nikizisema darasani kila mwaka, kama ninavyotaja Mto Tana unakoanzia. Watoto wanaandika, kengele inalia, tunaondoka. Sikuwahi kufikiria karatasi yenyewe. Sasa kila usiku nazibadilisha kwa mikono yangu, roli baada ya roli, toroli zima. Basi usiku mmoja, ghorofa ya tatu, nikajifungia, nikakata kipande nikakitandaza kwenye paja, nikachukua kalamu ya kusaini zamu. Nikataka kuandika mstari mmoja tu: "Siwati nshishiyelo, siwati, kwani niwate?" Maana yake sikufafanulii, ni Kimvita chako hicho. Neno la kwanza kalamu ikatoboa. Kipande cha pili wino ukasambaa, herufi zikawa madoa. Cha tatu nikajifunza: mkono mwepesi, kalamu imelazwa, herufi moja, pumua, herufi nyingine. Mstari mmoja ulinimalizia mapumziko yangu yote. Nikakaa pale nikafikiria diwani nzima, ya mtu anayesikiliza nyayo za askari. Nilipotoka mle chooni sikuwa yule aliyeingia. Kile kipande ninacho, kiko ndani ya msahafu wangu.

Kitabu cha pili kilichonishika nilikipata maktaba ya hapa hapa mjini. Ni cha Bi Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, kazaliwa huko Unguja mwaka 1844. Alipata mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akakimbia Unguja mwaka 1866, akabatizwa, akaolewa, akaletwa Hamburg hii ninayoipigia deki. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo, wa mwisho hajatimiza mwaka. Binti wa Sultani huyo! Akawa anafundisha lugha ili watoto wake wale. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake, kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza akiwa mtu mzima. Kuandika kwenyewe alijifundisha kwa kificho utotoni, kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa mabinti hawakufundishwa. Kijerumani changu nimekijenga kwa kitabu hicho, kurasa mbili kwa siku, kamusi pembeni. Nilipofika anapoeleza upweke wa nchi hii nilikuwa sihitaji tena kamusi.

Nisikufiche, kuna mahali anautetea utumwa. Nami bibi yangu mkuu alinunuliwa. Nilikifunga kitabu, nikakirudisha maktaba, nikaapa sikigusi. Wiki mbili baadaye nikakiazima tena. Hasira zangu juu yake ziko palepale, hazijapungua hata chembe. Lakini hakuna mwingine aliyeniambia ukweli kuhusu kuwa mwanamke wa Pwani, peke yako, katika mji huu wa mvua, na watu wa kwenu wamekata salamu.

Amezikwa hapa, makaburi ya Ohlsdorf, mwaka 1924. Katika vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa Unguja, wakamzika nacho. Nilikwenda mwezi wa Februari, ardhi imeganda kama sakafu. Nikasimama, sijui nisome nini, maana alikufa Mkristo. Mwisho nikamwambia, Bi Salme, Unguja ingalipo. Kisha nikamlilia babu yako, ambaye sikuja kumzika.

Sasa wewe. Usije. Bandarini una kazi, una kitambulisho, mtu akikuita anakuita kwa jina lako. Usiiache kwa maneno ya watu wa barazani ambao hata Voi hawajafika. Na ukiona bado moyo unakwenda, basi njoo, siwezi kukuzuia mimi niliyeondoka bila kumsikiliza mtu. Ila jifunze Kijerumani kwanza, kisawasawa, usije na salamu tupu. Fuata mlango wenye karatasi halali. Ukinisikia nimekutafutia wakala, ujue si mimi niliyesema.

Usisome mashairi ya jela mwezi wa Desemba, jua linapozama saa kumi alasiri, yatakuponda. Mimi niliyasoma mwezi huohuo, ndiyo yaliyoniamsha asubuhi. Sijui nikushauri vipi hapo. Labda usome kwa sauti. Ukiwa peke yako chumbani siku nne, sauti yako mwenyewe ikisema Kiswahili safi inatosha kukuinua uchemshe chai. Na pesa usiniombe kila Ijumaa. Lakini mtoto akiugua, nipigie hata saa tisa za usiku. Nitakuwa macho, niko kazini.

Vile vitabu nilivyoagiza, cha Muyaka na cha Mwana Kupona, navitaka bado. Na zaidi ya hivyo nataka kitu kimoja sikukitaja, kwa kuwa naogopa mmeshakitupa. Kwenye kabati la babu yako, rafu ya chini, mna kopo la biskuti. Ndani yake pana daftari la mraba, kaandika mwenyewe kwa kalamu ya wino maisha yake ya ubaharia, na beti zake kati kati. Alinionyesha mara moja, akaona haya akalirudisha. Lipige picha ukurasa mmoja mmoja kabla hujampa mtu, usiniamini mimi wala ndege. Halafu lifunge ndani ya leso, umpe jamaa anayesafiri mwisho wa mwezi, alibebe mkononi. Usilichanganye na papa mkavu wala achari. Mara iliyopita kila kitu kilifika kinanuka ndimu.

Mwambie mamako pesa za mwezi zimeshatoka. Zitafika Jumatatu.