Mzee anataka ujenge kijijini? Yaliyonikuta mimi na baba

Mkuu, swali lako ningeliandika mimi mwaka 2016. Mzee wako wa Rombo kakwambia mwanaume asiye na nyumba kwao ni mpangaji tu hapa duniani. Wewe una miaka 31, umezaliwa Tabata, bado unalipa kodi ya miezi sita sita, mkeo si wa huko, mtoto hajui hata salamu ya kilugha. Unauliza umjibuje bila kumvunjia heshima. Waliokujibu naona wamegawanyika: kuna wa "jenga upate baraka", na kuna wa "nyumba ya kufugia popo mwaka mzima ili ulale siku kumi za Desemba ni wehu". Mimi sina upande. Nina kisa, na ni kirefu, vuta kiti.

Baba yangu ni wa Kilema, Vunjo, kule Kilimanjaro. Alishuka Dar 1974, akapata ukarani bandarini, akapanga Magomeni, akamuoa mama. Mama ni Mluguru wa Matombo, Morogoro. Hilo liweke pembeni, litarudi. Nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili mwanzo mwisho. Nilikuwa najua baba ni Mchaga kama ninavyojua ni Yanga, jambo lake yeye na wenzake. Halafu babu akafariki, 1994, nikiwa na miaka kumi na miwili. Simu ilikuwa kwa jirani. Baba akaitwa, nami nikamfuata nyuma, nikamsikia anaongea na kulia kwa lugha ambayo sikuambulia hata neno. Nilibaki mlangoni namwogopa, kama vile mtu mwingine kaingia ndani ya shati la baba.

Desemba tulikuwa tunapanda kama Wachaga wote, utani wake mnaujua. Ubungo alfajiri, Mombo mnakula, Himo mnashuka na mabegi na katoni za zawadi, mnatafuta gari la kupanda mlimani. Shuleni Magomeni jina langu lilikuwa Mangi, kama wanavyoitwa Wachaga wenye maduka, watoto wananiuliza duka nafungua lini. Kilema nikifika, binamu zangu wananiita Mswahili. Nimekua hivyo, na sikuona shida mpaka baba alipostaafu akaanza kuuliza.

"Unajenga lini?"

Kwanza alikuwa anauliza kwa utani. Mimi nilikuwa na kiwanja Kivule, msingi umesimama, nondo zinaota kutu. Jumapili moja tuko mezani, watoto wangu wapo, shemeji yangu yupo, akauliza tena, nami nikajibu: "Baba, mimi kwetu ni Dar." Hakufoka. Aliweka kijiko, akachukua kofia yake, akatoka barazani. Wiki tatu nikawa napata salamu zake kupitia kwa mama tu. Kosa langu mkuu, kabla hujalirudia wewe, halikuwa kusema vile. Kosa lilikuwa kusema mbele ya wajukuu wake.

Desemba hiyo nikaenda Kilema nikiwa bado nimenuniwa. Shangazi ndiye aliyenichukua pembeni, kwenye jiko la nje, akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia. Akaniambia nenda kachume isale, mpe kwa mikono miwili, na ufunge mdomo. Kwa wasiojua, isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na kwa Wachaga ndio jani la kuombea msamaha. Ukiletewa isale si rahisi kukataa. Mimi nilikuwa naona ni majani ya mpakani basi. Nikaenda usiku na tochi ya simu nikachuma moja, nikampelekea chumbani. Akalipokea, akaliweka dirishani, akasema "Kalale."

Kumi na moja alfajiri akaniamsha. Ana panga na makubazi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. "Twende, Meku." Meku ni mzee, na ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la baba yake. Tukazunguka mpaka wa kihamba chote. Ni ekari moja na kitu, lakini ilituchukua saa nzima na nusu kwa sababu kila hatua ina habari. Isale hili alipanda babu walipogombana na jirani kuhusu futi mbili. Huu mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, maji yake yalikuwa kwa zamu, na aliyeiba zamu alijulikana kijiji kizima. Mibuni hii michache iliyobaki ndiyo ilimpeleka yeye shule. Mapadri wa Kilema walianza kupanda kahawa huku mwishoni mwa karne ya 19, na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilipoanzishwa 1933 wakulima wakawa na chama chao cha kuuzia. Babu alikuwa akipeleka kahawa chama cha msingi na stakabadhi anaziweka kwenye kopo la maziwa. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika 1976, babu hakutupa hata moja. Kopo lipo hadi leo. Nimezishika, karatasi zimekuwa laini kama kitambaa.

Tukafika kwenye makaburi. Babu, bibi, na mtoto mmoja aliyefariki kabla baba hajazaliwa. Baba akasimama katikati ya kaburi la bibi na mgomba, akanyoosha panga upande huu, akalinyoosha upande ule, kama fundi anayepima.

"Hapa patanitosha?"

Sikujua nijibu nini. Akaanza kunisimulia rafiki yake wa kazini, waliyemzika kwenye makaburi ya mjini. Alikwenda kumtembelea baada ya miaka akakuta kaburi la mtu mwingine palepale. Akalizunguka, akaondoka, na hakumwambia mtu, hata mama.

Nikamuuliza: "Baba, unataka nyumba au unataka niwe nakuja?"

"Nyumba ndiyo itakayokuleta. Nani anapanda basi kuja kulala kwenye migomba?"

Kwa kuwa siku hiyo alikuwa anajibu, nikauliza na lile lililonikaa tangu 1994. Mbona hukutufundisha Kichaga? Akaendelea kupalilia na panga, nikadhani hakusikia. Kisha akasema ofisini enzi zile ukionekana unaongea kilugha na mwenzako unaitwa mkabila, na yeye alimwamini Mwalimu, aliamini kweli, hakuigiza. "Na mama yako je? Akae ndani ya nyumba yake watu wanacheka, yeye haelewi wanacheka nini?" Kisha: "Nilidhani itakuja yenyewe. Kama mvi."

Ningependa kukwambia tulimaliza pale. Bado. Usiku ule, kwenye kiburu cha ndizi na maharage na mbege, pombe yetu ya ndizi, baba akiwa na furaha ya patano akatangaza mbele ya baba wakubwa kwamba kihamba ni changu. Sisi tuko watatu, wa kiume ni mimi peke yangu, kwa hiyo kimila hakuna aliyeshangaa. Dada yangu mkubwa alikuwa anagawa sahani. Ndoa yake ilishavunjika, alikuwa amerudi nyumbani, na ndiye aliyekuwa ananunua dawa za presha za baba na ndiye aliyebadilisha bati za jikoni. Akaendelea kugawa sahani.

Mama, ambaye miaka yote Kilema alikuwa mgeni mwenye adabu, akauliza: "Na dada zake?"

"Wale ni wa kuolewa," akajibu baba mkubwa.

"Kwetu Matombo shamba hili angepewa huyu," mama akamwonyesha dada kwa kidole, "na nyinyi mngekuja kumwomba ndizi."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Anajua kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi ya ukoo inafuata mama, na mjomba ndiye msemaji. Mama akaongeza, safari hii polepole, akimwangalia baba peke yake: "Nimekuachia watoto wote watatu wawe wa kwenu. Usinirudishie mmoja nusu."

Mimi hapo nikajifanya msomi. Nikatoa simu nikamsomea baba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Nikaongeza na hukumu ya Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, 1990, kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanaume. Vyote ni vya kweli, vijue, kuna siku vitakufaa. Lakini baba aliniangalia akasema, "Mimi na mama yako tunaongea, wewe unaniletea bunge." Nikarudisha simu mfukoni.

Ilichukua miaka miwili. Baba wakubwa walipinga, hoja yao dada ataolewa tena alete wageni kihambani. Sijui mama na baba walizungumza nini Dar usiku, ila 2018 baba alipanda basi peke yake, akaita ukoo, na bila kuomba kura akapanda mstari mpya wa isale kuanzia barabarani mpaka kwenye mfongo. Upande wa juu wangu, upande wa barabarani wa dada. Dada kapanda maparachichi, na kwa taarifa yenu kipande chake ndicho kinachoingiza hela. Changu kina migomba na makaburi.

Nyumba sikujenga mkuu. Nilikarabati ya babu: vyumba viwili, choo cha ndani, bati jipya, na nikafanya kidogo kidogo mpaka 2019. Ile ya Kivule ndiyo ikachelewa, na mke wangu hajanisamehe sana kwa hilo, kwa hiyo mkeo mshirikishe kabla hata ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Mtaji wako si wako peke yako.

Kuhusu mtoto wako na kilugha: wangu wanajua salamu na "aika", yaani asante, basi. Baba anawafundisha kwa simu Jumapili. Mama akisikia naye anachomekea Kiluguru, wanapanda juu kushindana, watoto wanapata maneno sita ya kila upande na wanayachanganya. Mdogo alimshukuru padri wa Kilema kwa Kiluguru. Padri akaitikia tu.

Kwa hiyo kwako: usimjibu mzee kwa simu, na usimjibu mezani. Nenda Rombo mwezi ambao si Desemba, peke yako, kabla ya umati na nyama. Mwombe akuzungushe mpaka, hatakataa, wazee wa kule wanasubiri kuombwa hilo. Tembea naye, uliza mambo ya mibuni na mifongo, na akisimama mahali kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, nawe simama. Kama una dada, muulize habari zake hukohuko, ila bila simu mkononi.

Mzee wangu yupo, ana miaka 73. Jumapili iliyopita kapiga, kasalimia wajukuu, kauliza bei ya maparachichi ya dada, kisha akaniuliza ghorofa naweka lini.