Maswali na Majibu: Alama za Vipimo vya Kamera na Lenzi

*Ninapiga picha za harusi hapa Bagamoyo na nina fedha za kamera moja tu. Je, nichukue yenye alama nyingi kuliko zote?*

Usinunue kwa jumla ya alama. DxOMark, kampuni ya Ufaransa ya upimaji ambayo ilianza kutoa alama hizi mwaka 2008, kwenye kamera hupima sensa tu (kile kipande kinachopokea mwanga) katika mambo matatu: kina cha rangi, uwezo wa kunasa mwanga mkali na kivuli katika picha moja, na kiwango cha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ambacho picha bado haijajaa chembechembe. Kasi ya fokasi, betri na namna kamera inavyokaa mkononi havimo. Mwaka 2012 Nikon D800 ilipata 95 na Canon 5D Mark III ikapata 81, lakini hiyo ya pili iliendelea kuwalisha wapiga picha wengi wa harusi. Wewe unayemsubiri bibi harusi kwenye ukumbi wenye taa hafifu, soma kipimo cha ISO, kisha ujaribu fokasi mwenyewe gizani. Anayepiga majahazi alfajiri, jua likichomoza nyuma ya matanga, ndiye anayehitaji kile cha mwanga na kivuli.

*Je, tofauti ya alama 3 inaonekana kwenye picha?*

Haionekani. Katika kipimo cha sensa cha DxOMark, alama 15 ndizo zinazolingana na hatua moja kamili ya mwanga, yaani mwanga kuongezeka mara mbili.

*Lenzi yangu imesifiwa sana kwenye vipimo, mbona picha zangu za magofu ya Kaole zimefifia upande mmoja?*

Lenzi iliyopimwa si hiyo uliyonayo. Hata zinazotoka kiwanda kimoja hutofautiana, na kioo kimoja kikikaa upande kidogo tu, kona moja hupoteza ukali. Hilo lilinikuta mimi niliponunua lenzi ya mtumba kwa kuamini alama zake: kona ya kushoto ilikuwa kama imepakwa mafuta, na fedha sikurudishiwa. Tena, alama ya ukali hupatikana lenzi ikiwa imefungwa kwenye kamera fulani, kwa hiyo ukiihamishia kwenye kamera yenye pikseli chache usitarajie alama ileile.

Simamisha kamera kwenye stendi mbele ya ukuta wa mawe ya matumbawe, ambao vitundu vyake vinafaa sana kwa kazi hii, na uhakikishe imeukabili ukuta sawasawa. Piga picha tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kisha likiwa limebanwa hadi f/8, na ulinganishe kona zote nne. Kona zote zikififia sawa tundu likiwa wazi, hiyo ndiyo tabia ya lenzi. Ikififia moja tu, lenzi ina kasoro. Mulika pia vioo kwa tochi, kwa maana unyevu wetu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, na alama za maabara hazigusi jambo hilo.

*Je, naweza kulinganisha alama za simu na za kamera?*

Huwezi. Kwa simu hupimwa picha ambayo programu imekwisha kuisafisha na kuipamba, ilhali kwa kamera hupimwa data ghafi ya sensa. Simu yenye alama 120 haijaishinda kamera yenye 95.