Usifurikishe shamba kabla hujachimba shimo

Mkuu, acha pampu kwanza. Umeuliza mengi: huo weupe wa chumvi juu ya matuta ya shamba lako, upande zao gani, pampu ya ukubwa gani, na kama ulowanishe shamba zima "chumvi ioshwe". Hilo la mwisho ndilo limeniamsha.

Maji yako yakishuka yanatokea wapi? Kama hujui, usimwage hata debe.

Mimi niliambiwa na mtaalamu mmoja kwamba dawa ya chumvi ni maji mengi. (Kumbe alikuwa anauza pampu, na mimi na akili zangu sikuuliza.) Chumvi inashuka na maji, sawa, ila ni pale maji yanapopata pa kutokea. Shamba langu liko bondeni, chini kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Mwanzoni raha tupu, weupe ukapotea, nikatamba humu jukwaani. Huko chini maji yalikuwa yanajaa kama ndoo, mpaka yakabakiza kama mita moja kufika juu. Yakifika hapo hayasubiri pampu yako: yanapanda yenyewe kwenye vitundu vya udongo, jua linayakausha, chumvi inabaki juu. Na chumvi ya zamani ya chini nayo ikapanda. Vitunguu vikaungua ncha, vikanyong'onyea mchana na udongo umelowa. Nikasema hii kiu, nikaongeza maji. Chekeni tu, mimi nilishalia.

Na maji yenyewe ya kumwagilia yanabeba chumvi. Lita yenye nusu gramu unakunywa vizuri tu, lakini mwaga mita za ujazo 10,000 kwa hekta kwa mwaka, umeingiza tani 5. Bila mtaro zinaenda wapi?

Chimba shimo la mita mbili, liache usiku kucha, asubuhi chungulia. Ukikuta maji, anza na mtaro wa kuyatoa, uwe na kina zaidi ya hayo maji, na usiishie kwa jirani. Kuosha baadaye.

Jasi (gypsum, ile poda ya madini ya kutibu udongo) usiguse kabla ya kupima udongo. Ni ya udongo uliozidiwa sodiamu, ule unaoziba maji yasipenye, pH (kipimo cha ukali wa udongo, tindikali au alikali) mara nyingi juu ya 8.5. Udongo wenye chumvi tu hauihitaji. Yule bwana na jasi aliniuzia, laana yake iko njiani.

Zao: shayiri na pamba zinavumilia, maharage na vitunguu sahau. Pampu... ulisema ekari ngapi vile? Basi, chimba shimo, rudi na kina cha maji.