Re: Wakiniambia "lekker bezig" wananisifu au wananikejeli?

Salamu ndugu. Umeuliza kama wenzako hapo ghalani Rotterdam wanakusifu au wanakukejeli kwa "lekker bezig" (Kiholanzi, kama kusema "unachapa kazi vizuri"), na kama unaweza kuongea hivyo na bosi.

Kwanza angalia ulikuwa unafanya nini. Kama kazi inakwenda, ni sifa. Kama umetoka kuangusha maboksi, hapo unasanifiwa. "Lekker" (tamu) isikuchanganye eti ni ya chakula tu: Waholanzi wanalala lekker, jua likiwaka nalo lekker, na anayekujibu "lekker belangrijk" anakwambia jambo lako halina maana yoyote. Ukisikia "doe effe normaal", umezidisha, punguza.

"Doekoe" na "osso" (pesa, nyumbani) ni maneno ya vijana wa mtaani, yametoka Sranan, lugha ya Suriname, nchi ya Amerika Kusini iliyotawaliwa na Waholanzi. Kwa vijana wenzako sawa, kwa bosi hapana. Mimi bosi namjibu "komt goed", yaani usijali, litakaa sawa, na naaga kwa "doei". Inatosha kabisa.

Usichoiga ni matusi ya magonjwa. Utasikia "kanker", "tering" na "tyfus" zikimwagwa kama chumvi; ndiyo hizohizo saratani, kifua kikuu na taifodi. "Kanker" ndiyo mbaya zaidi, maana huwezi kujua nani hapo kamuuguza mama yake. Wao kwa wao wanavumiliana, wewe mgeni watakushangaa.

Na ile "fittie" uliyoisikia wakati wa mapumziko ni ugomvi. Chukua kahawa yako usogee pembeni.