Kukokota Trela Kuukuu kwa Minivani: Anza na Kibandiko cha Mlangoni

Kila majira ya joto yakikaribia hapa Colorado, hakosi mtu wa jumuiya yetu ya Aurora wa kuniuliza: "Kaka, minivani yangu ya Toyota Sienna itavuta trela ya kambi?" Ameona trela ya miaka ya tisini inauzwa bei ya kutupa, watoto wanataka kwenda kulala milimani, na muuzaji amemhakikishia kwamba gari lake linavuta paundi 3,500. Muuzaji hajadanganya. Sienna zenye injini ya V6 na minivani za Honda Odyssey, zikifungwa vifaa vinavyotakiwa, zina kikomo hicho, yaani karibu kilo 1,590. Lakini ukiwa na familia, kikomo hicho hutakifikia. Kingine kitakuwa kimekubana zamani.

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye fremu. Kuna kibandiko kinachotaja uzito wa juu kabisa wa watu na mizigo kwa pamoja. Cha gari letu kinasema paundi 1,160. Sasa piga hesabu. Mimi na mama watoto ni paundi 340. Watoto wanne, 290. Kiungo cha chuma kilichofungwa nyuma, 40. Halafu mkono wa trela wenyewe, unaokandamiza kile kiungo: uzito wake kwenye kiungo unapaswa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, na kwetu ni kama 250. Wengi husahau kwamba uzito huo unabebwa na gari, si na trela. Jumla ni 920. Zimebaki paundi 240 za chakula, boksi la barafu, mabegi na baiskeli. Bibi akija kututembelea na masanduku yake, hesabu imevunjika, na trela hata hatujaigusa.

Trela nayo usiamini kibati chake. Kinaonyesha uzito wa siku ilipotoka kiwandani, kabla mwenye nayo wa kwanza hajaongeza kiyoyozi, na mwenye nayo wa pili hajaacha maji yapenye kwenye mbao. Yetu kibati kinasema paundi 1,600. Ikiwa imepakiwa, mizani ilisema 2,140. Sisi tuliokulia karibu na Mariakani au Kibaha tunajua mizani kama mahali dereva anapoingia roho juu. Huku unaingia kwa hiari yako na kulipa dola chache. Tafuta mizani ziitwazo CAT kwenye vituo vikubwa vya malori. Pima magurudumu ya trela likiwa limefungwa kwenye gari, kisha lifungue upime trela lote peke yake. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa mkono.

Kwa minivani mimi napendekeza zile trela zinazokunjwa, ambazo paa lake hushuka chini wakati wa safari. Trela refu lenye kuta ngumu linaweza kuwa ndani ya kikomo cha uzito na bado likakutesa, maana linapambana na upepo njia nzima.

Ukienda kulikagua, vaa nguo za kuchafuka. Lala chini utazame kutu kwenye fremu, hasa pale mkono unapoungana na mwili. Kanyaga sakafu kwenye pembe zote; ikibonyea, mbao zimeoza, na mimi hapo huaga.

Matairi ndiyo yanayodanganya watu zaidi. Trela la zamani hukaa uani miaka mingi bila kutembea, kwa hiyo kashata za tairi zinaonekana mpya kabisa huku mpira umeshakauka kwa jua. Tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi za DOT ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la trela likipita miaka mitano au sita, libadilishe hata kama linang'aa, na ununue yaliyoandikwa ST, ambayo yametengenezwa kwa trela, wala si ya gari dogo. Yajaze upepo yakiwa ya baridi. Mengi ya aina hiyo yana kikomo cha maili 65 kwa saa, na California sheria haikuruhusu kuzidi 55 ukiwa unakokota. Beringi za magurudumu zipakwe grisi upya kila mwaka. Muuzaji akikwambia "zilipakwa juzi", zifungue hivyo hivyo.

Breki: plagi ya pini nne hubeba umeme wa taa tu. Breki za umeme za trela zinataka plagi ya pini saba na kidhibiti karibu na usukani. Fundi wa umeme wa magari aifanye kazi hii, usiunge nyaya mwenyewe gizani. Minyororo ya usalama uipishanishe chini ya mkono, ili mkono ukichomoka iudake kabla haujagonga lami.

Kupakia ni rahisi: vitu vizito vikae mbele kidogo ya ekseli. Mkono ukiwa mwepesi mno, trela huanza kuyumba likipitwa na lori. Hapo usikanyage breki za gari kwa nguvu wala usiongeze mafuta. Achia mafuta, shika usukani unyooke, na ubonyeze breki za trela kwa mkono kwenye kidhibiti.

Halafu kuna barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi, milimani. Handaki la Eisenhower liko futi 11,158, juu kuliko kambi ya Mandara ya Kilimanjaro, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake huko. Tunapanda kwa njia ya kulia, taratibu, jicho kwenye geji ya joto. Ng'ambo ya pili kuna mteremko wa asilimia 6 hadi 7, wenye njia za kuokolea malori yaliyoishiwa breki. Shusha gia ungali juu, kabla mteremko haujaanza, na ukikanyaga breki kanyaga kwa vipindi, usiegemee. Mjini Silverthorne tunatoka barabarani. Watoto wanakwenda chooni, nami nasogeza mkono kwenye kila gurudumu la trela: likiwa na uvuguvugu tunaendelea, likiwa na joto la kuunguza tunakaa hapo mpaka sababu ijulikane.