Shilingi Mia ya Nauli

Desemba 2023 nauli ya daladala jijini Dar es Salaam, kwa safari isiyozidi kilomita 10, ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, na kwa wiki kadhaa ugomvi wa ndani ya gari ukawa ni wa hiyo mia moja iliyoongezeka, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tumezoea kutoka nyumbani na sarafu moja tu ya mia tano. Siku moja, nikitoka Temeke kwenda mjini, konda alimsimamia mzee aliyeketi mbele yangu, akamwambia, "Mzee, ongeza mia," naye mzee akawa anapapasa mifuko ya kanzu ambayo ilionekana wazi kwamba haina kitu. Mimi nilikuwa na chenji, lakini nilijifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Dada mmoja aliyesimama karibu na mlango ndiye aliyenyoosha mkono, akaweka sarafu kwenye kiganja cha konda na kusema, "Hiyo hapo, kaka, twende," kisha akageuka kutazama nje bila hata kumwangalia mzee usoni.

Kituo kilichofuata alipanda mwanafunzi mwenye begi zito, na mzee yule yule akalivuta begi akisema, "Lete, mjukuu wangu, nikupakatie." Mama aliyekuwa pembeni yake akapokea mfuko wa mtu mwingine, na hata mimi, kwa aibu zaidi kuliko kwa wema, nikajikuta nimepakata ndoo ya samaki ya mtu nisiyemjua, iliyonilowesha suruali mpaka Kariakoo.

Tunapenda kusema "tenda wema nenda zako", nami sina ugomvi na methali hiyo, kwa sababu inamzuia mtenda asikae akingoja malipo. Ila kuna watu ambao haiwataji, nao ni wale wanaotazama. Mzee hakumlipa yule dada. Alimlipa mtoto wa shule. Sisi wengine hatukuwa tumepewa chochote, lakini tulikuwa tumeona jambo dogo ambalo kila mmoja wetu angeweza kulifanya pale pale alipoketi. Laiti dada yule angewalipia abiria wote, nadhani tungemsifu sana, tukaendelea kukaa na mikono yetu mitupu.

Ndiyo maana namshauri anayetaka kuanza aanze na kilicho karibu na mkono wake. Mimi sasa huweka sarafu mbili tatu kwenye mfuko wa shati, si wa suruali, maana katika daladala lililojaa, mpaka umalize kuchimbua suruali, konda atakuwa ameshamfokea mtu mbele ya watu arobaini.

Jambo jingine nililijua kwa kukosea. Niliwahi kumlipia kijana mmoja, nikaongeza na mawaidha kwamba ajifunze kupanga matumizi yake kabla ya kutoka nyumbani. Aliinamisha kichwa hadi aliposhuka, na hakuna aliyempakatia mwenzake mzigo siku hiyo. Nilikuwa nimempa shilingi mia, kisha nikamdai heshima yake papo hapo. Ukitoa, sema na konda, wala usiseme na mwenye shida, na maneno yako yaishie hapo.

Lililonichukua muda mrefu zaidi ni kupokea. Kwa miaka mingi, mtu akiniambia "lete begi nikushikie", nilijibu "usijali, mama, si zito", nikidhani huo ndio ustaarabu, kumbe nilikuwa nawafundisha wote waliosikia kwamba mkono ukinyooshwa hurudishwa mtupu, na atakayekataliwa mara mbili hatamwambia wa tatu. Kwa hiyo mpe begi hata kama ni jepesi, mshukuru, kisha shika bomba kwa mikono yote miwili, kwa sababu dereva hatakuambia wakati anapotaka kukanyaga breki.